Ukiwa na mafua usije kwa sokwe: majibu kwa mnaosema tunafukuza watalii

Wiki hizi simu za malalamiko zimekuwa nyingi, nyingi zinatoka kwa wenye boti za kwenda Gombe pale Kibirizi na wenye nyumba za wageni Kigoma mjini, na karibu zote zinasema kitu kimoja: watalii wenyewe wachache, hali ngumu, halafu nyie wa hifadhi ya sokwe ya Gombe mtu akikohoa mara mbili tu mnamzuia. Mimi niko upande wa uhifadhi, sio msemaji wa taasisi, kwa hiyo nitaongea yale ya kazi yangu na mengine nitawaachia wakubwa.

Kwanza tuelewane kwamba hakuna afisa anayefurahia kumzuia mgeni aliyesafiri siku mbili. Nasi tunakumbuka 2020. Nchi ilikuwa imepokea watalii zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019, mwaka uliofuata wakashuka hadi kama 620,000, flaiti za nje zilisimama kuanzia katikati ya Aprili mpaka Mei 18, na hata zilipofunguliwa mgeni wa Ulaya alikuwa bado kafungiwa kwao. Kigoma ndio mwisho wa reli, mgeni akipungua Arusha huku kwetu anakuwa hayupo kabisa. Boti zililala mchangani, wapishi wakarudi kwenye dagaa na mawese, waongoza watalii wakalima. Tukaja kuinuka, mara ugonjwa wa Marburg, homa kali inayoua kama Ebola, Kagera Machi 2023, ikarudi tena Biharamulo Januari 2025, na mtu aliyeko Ujerumani akiangalia ramani Biharamulo na Gombe anaona ni mlango kwa mlango. Kwa hiyo uchungu wenu naujua.

Ila sasa hili la "hizo ni sheria za Corona, Corona imeisha, ondoeni barakoa" naomba life leo. Barakoa Mahale, hifadhi nyingine ya sokwe kusini mwetu, zilikuwepo KABLA ya Corona. Mwaka 2006 ugonjwa wa mfumo wa upumuaji uliingia kwa sokwe wa Mahale, wakafa, na wataalamu walipopima wakakuta kirusi cha jamii ile ile inayowapa watu mafua. Gombe nako 1966 sokwe walipata polio, wengine walikufa, wengine wakabaki na mikono iliyopooza, na kabla ya hapo polio ilikuwa kwa watu wa maeneo ya jirani. Ugonjwa ambao kwako wewe ni wa kunywa tangawizi na kulala, kwa sokwe ni msiba, sababu mwili wake unakaribia sana wa kwetu lakini kinga ya magonjwa yetu hana.

Na hapa wenye biashara ndio mnapaswa kunisikiliza zaidi. Gombe nzima ina sokwe takribani 100. Jike anaanza kuzaa akiwa na miaka kama 13, anazaa mtoto mmoja, anamnyonyesha, anakaa miaka kama mitano ndio azae tena. Wakifa watano kwa wiki moja sio kuku hao useme utaagiza vifaranga. Tena sio sokwe yeyote tu, mgeni anakuja kuwaona wale waliozoea watu, ambao kuwazoesha kumechukua miaka mingi tangu mtafiti Jane Goodall aliposhuka pale ufukweni Julai 1960. Hao wakiondoka, boti yako utampakia nani? Mgeni mmoja mwenye kikohozi uliyemwombea "aingie tu afisa, katoka mbali" anaweza kufunga biashara ya kila mtu kuanzia Kibirizi mpaka kijiji cha Mwamgongo.

Utaratibu wenyewe sio mgumu, nashangaa unavyopotoshwa. Mgeni akifika anaandikishwa, anaonyesha kitambulisho au pasipoti, anaulizwa kuhusu afya yake, anaangaliwa. Ana mafua, kikohozi, homa, kuharisha au vidonda vya mdomo, hapandi kwa sokwe siku hiyo. Hapandi. Asiye na dalili anavaa barakoa akiwakaribia, anakaa mita 10, muda ni saa moja tu tangu mnapowakuta na sio tangu mnapotoka kambini (hili kila siku linaleta ugomvi, wengine wanadhani tunawaibia dakika). Kundi halizidi wageni sita. Mtoto chini ya miaka 15 Gombe hapandi, Mahale ni chini ya 12, na tafadhali msimfundishe mtoto kudanganya umri mbele yangu, nimeshamuuliza mmoja yuko darasa la ngapi akajibu la nne. Hamna kula mbele ya sokwe, hamna kutema mate, ganda la ndizi na tishu vinarudi kwenye begi lako.

Malipo nayo. Ada inalipwa kwa kontro namba, yaani unaomba, inatolewa kwa jina lako au la kampuni, unalipia benki au kwa simu, unatunza risiti, unaionyesha ukifika. Kontro namba ina muda wake, ukiisha unaomba nyingine, usilipie ya zamani halafu ukaja kugomba. Kibali ni cha saa 24, ukilala ukapitiliza unalipia tena. Ukiambiwa tuma hela kwenye namba ya simu ya mtu "nitakuwekea sawa", huyo sio sisi, hata kama kavaa gwanda. Na kuingia bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Hifadhi za Taifa, Sura ya 282, kuna mahakama na kuna faini, kwa hiyo nahodha anayeshusha wageni pembeni usiku ili wasilipe ajue anajiingiza yeye na abiria wake. Nasema nahodha kwa sababu wageni wengi huwa hata hawajui kama wamefanya kosa.

Anayezuiwa kwa ugonjwa anauliza hela yake. Aandike maombi rasmi, yatajibiwa, mimi hapa siwezi kuahidi chochote.

Kuhusu bei za dola, hilo ni la Benki Kuu sio langu, ila kwa kuwa mnaniuliza: kanuni zilizotoka mwishoni mwa Machi 2025 zinakataza kutangaza au kudai bei ya bidhaa na huduma ndani ya nchi kwa fedha za kigeni. Kwa hiyo kile kibao cha boti kilichoandikwa dola kishushwe, andika shilingi. Zaidi ya hapo waulizeni wenyewe.

Mgeni mgonjwa sio lazima arudi Dar. Apumzike Kigoma mjini, aende Ujiji aone kumbukumbu ya Livingstone na Stanley waliokutana 1871, ale mgebuka, siku mbili tatu akipona apande. Wenye nyumba za wageni mnalalamika nini hapo, si analala kwako siku zaidi? Mwambieni mapema, wakati wa kubuking, sio mpaka afike Kasekela, kituo chetu cha Gombe, na begi mgongoni ndio asikie kwangu. Na abebe barakoa mbili, ile njia ina jasho, ya kwanza italowa kabla hajamwona sokwe hata mmoja.

Swali la mwisho ambalo huwa naulizwa: sokwe mwenyewe akinisogelea je? Unarudi nyuma taratibu, hukimbii, humwangalii machoni, hunyooshi mkono hata akiwa mtoto. Akipita katikati yenu mnampisha njia. Na hapana, dakika hizo haziongezwi juu ya ile saa moja.