Je, wajua kwa nini mlima wa taka wa Lubumbashi uligeuka mtaji?

Kwa jirani yetu mmoja hapa Lubumbashi, mlango wa jikoni huzuiwa usijifunge kwa jiwe jeusi, zito kuliko linavyoonekana, linalong'aa ubavuni kama chupa iliyovunjika. Papa huyu, kama tunavyowaita wazee hapa, alifanya kazi kwenye matanuru ya shaba, na jiwe alilitoa hukohuko. Nilipomuuliza ni la nini, alicheka: "Ile ilikuwa bucafu, mwanangu. Tulikuwa tunaimwanga tu."

Hiyo "bucafu" ndiyo iliyojenga terili, ule mlima mweusi kando ya dohani ndefu, ambao wageni hawaondoki mjini bila kuupiga picha. Tanuru la Lubumbashi lilianza kuyeyusha madini mwaka 1911. Shaba ilichukuliwa, masalia yakamwagwa yakiwa bado ya moto, siku baada ya siku. Kwa miongo mingi hayo yalikuwa takataka. Leo ni mtaji, una mikataba na wanasheria wake. Mawe ni yaleyale. Sasa, ni nini kilichobadilika?

Vitabu vya uchumi vya shule hujibu kwa haraka: kuna ardhi, kuna nguvu kazi, kuna mtaji, na kila kimoja hulipwa kadiri kinavyochangia. Mtaji ni mashine, majengo na vifaa. Jaribu kuiweka terili humo uone. Si ardhi, maana haikuwako kabla ya watu kuirundika. Si mashine pia. Imetoka kwenye kazi ya mikono, lakini hakuna aliyekusudia kuitengeneza.

Mwaka 1953, mwanauchumi Joan Robinson wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, aliuliza swali ambalo mtoto angeweza kuuliza: mtaji unapimwa kwa kipimo gani? Kazi tunaihesabu kwa saa, ardhi kwa hekta. Koleo, tanuru na lori utavijumlishaje? Utasema kwa dola. Lakini bei ya tanuru inategemea faida inayotarajiwa, na vitabu vinasema kiwango cha faida kinatokana na wingi wa mtaji. Kwa hiyo ili ujue hiki lazima ujue kile, na ili ujue kile lazima ujue hiki. Ubishi ulichukua miaka, hadi mwanauchumi Paul Samuelson, bingwa wa upande uliotetea vitabu kule Marekani, akakiri mwaka 1966 kwamba ile hadithi nyepesi ya vitabuni haisimami kila mara. Vitabu vyenyewe, kwa maoni yangu, viliendelea kana kwamba hajasema kitu.

Jibu linaloisaidia terili zaidi ni la zamani kuliko ubishi huo. Mwaka 1906, mwaka uleule ilipoanzishwa Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya Wabelgiji iliyochimba shaba hapa, mwanauchumi Mmarekani Irving Fisher aliandika kwamba thamani ya mtaji haitoki nyuma, kwenye jasho na gharama. Inatoka mbele, kwenye mapato yanayongojewa, yakipunguzwa kwa riba ya muda wa kungoja. Mama anayeuza unga katika soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, hahitaji kumsoma Fisher. Gunia lililo mbele yake ni mtaji kwa sababu kesho litatoka meka kwa meka, yaani kopo kwa kopo, na kurudi pesa yenye nyongeza. Gunia hilohilo likipelekwa nyumbani kusongwa bukari (ugali), ni chakula tu.

Basi terili ilipata kesho. Ndani ya mawe yale kulibaki kobalti, zinki na gerimani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 likajengwa tanuru jipya la kuyayeyusha tena, na aloi yake ikasafirishwa hadi Finland kusafishwa. Betri za lithiamu, zilizoingia sokoni mwaka 1991, ziliendelea kuongeza njaa ya kobalti. Gerimani nayo, iliyotumika kwenye transista ya kwanza mwaka 1947, siku hizi inatakiwa kwa nyaya za intaneti za nyuzi za kioo na kamera zinazoona gizani. China, mzalishaji mkubwa kuliko wote, ilipoanza kudhibiti mauzo yake ya nje Agosti 2023, wanunuzi wakaanza kutazama kwingine.

Lakini Fisher aliacha swali moja: kesho ya nani? Mwishoni mwa 2018 serikali ya Kongo ilitangaza kobalti, gerimani na koltani kuwa madini ya kimkakati, mrabaha wake, yaani malipo ya mchimbaji kwa serikali, ukawa asilimia 10. Karatasi ile haikubadilisha hata punje ya jiwe, ila ilibadilisha nani anapata kiasi gani. Mwenye hati anayechota terili huitwa mwekezaji. Kijana wa mtaani akichota mfuko mmoja, ni mwizi. Karl Marx alisema mtaji si kitu, ni uhusiano kati ya watu unaopitia kwenye vitu. Huhitaji kuwa mfuasi wake ili ulione hilo ukiwa umesimama chini ya dohani.

Wazee wa hapa walikuwa wakisema "kazi njo baba, njo mama" (kazi ndiyo baba, ndiyo mama), maana kampuni ilitoa nyumba, posho ya unga, shule na hospitali. Mwaka 2003, miaka ileile jiwe lilipokuwa linapandishwa cheo, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, kampuni ya serikali iliyochukua migodi ya Union Minière, waliachishwa kwa mpango ulioitwa "départ volontaire" (kuondoka kwa hiari), kwa fedha za Benki ya Dunia. Papa anasema alikuwa akijua tanuru limefika kiwango kwa kuangalia rangi ya moto. Mwanauchumi Gary Becker aliuita ujuzi wa namna hiyo mtaji katika kitabu chake cha 1964. Kwenye daftari la mishahara ulikuwa gharama.

Oktoba 2024, Gécamines ilitangaza kupeleka gerimani ya kwanza ya terili kwa Umicore, Ubelgiji. Umicore ni jina ambalo Union Minière ilijipa mwaka 2001. Nilimweleza Papa kwamba waliomwaga wamerudi kununua. Alilisogeza jiwe kwa mguu, mlango ukakaa vizuri, kisha akauliza: "Banalipaka kwa tani, ao kwa nini?"