Je, wajua kwa nini posta hupata hasara hata vifurushi vikiongezeka?

Hoja hii haikosekani Kigoma, iwe kwenye vijiwe vya Mwanga au kwenye foleni ya kaunta. Watu wananunua vitu mtandaoni kuliko wakati wowote, maboksi yanashushwa kila basi likiingia stendi ya Masanga, sasa iweje mashirika ya posta, Canada, Marekani, Denmark na kwingineko, yawe yanalia hasara? Jibu la haraka ni uzembe. Uzembe upo na haufai kutetewa. Ila hata ukiwaweka malaika kwenye ofisi ya meneja, hesabu ya posta ina tundu lisilozibwa kwa kuchapa kazi peke yake, na tundu hilo huonekana vizuri zaidi huku mwisho wa reli kuliko Dar es Salaam.

Tuanze na gari. Kigoma mjini hadi Kasulu na kurudi ni karibu kilomita 200. Tuseme gari linakula lita 12 kwa kila kilomita 100 na dizeli ni shilingi 3,000 kwa lita (namba hizi ni za kufanyia hesabu tu). Mafuta peke yake ni shilingi 72,000. Gari likibeba barua 600, kila barua imebeba shilingi 120 za mafuta. Zikiwa 60, kila moja ni 1,200. Zikiwa 12, ni 6,000, na hapo hujamlipa dereva, hujagusa tairi wala bima. Gari ni lilelile, barabara ileile, saa zilezile. Kilichobadilika ni idadi ya watu wanaochangia safari.

Ndani ya ofisi mambo ni hayohayo. Barua hukusanywa, stempu hugongwa muhuri, kisha huchambuliwa kwa njia: za Kasulu huku, za Kibondo kule, za kwenda Tabora na Dodoma pembeni. Hufungwa bunda, bunda huingia kwenye mfuko, mfuko hufungwa kwa lakiri yenye namba, na namba huandikwa kwenye hati ya msafara. Upande wa pili karani hukagua lakiri kabla ya kuikata, huhesabu kilichomo, hulinganisha na hati, ndipo huanza kugawa kwenye masanduku. Barua ya rejista huongeza kazi, kwa sababu kila inapobadili mkono lazima mtu asaini. Mfuko wenye barua 3 hukaguliwa kwa umakini uleule wa mfuko wenye barua 80. Ukiharakisha hatua hizi ili kuokoa muda, ndipo mizigo inapopotea bila kujulikana imepotelea wapi, na posta inalipa fidia.

Na bei moja ya stempu kwa nchi nzima, barua iende karibu au mbali, ilitoka wapi? Mwaka 1840 Uingereza ilianza kutoza peni moja kwa barua ya hadi nusu aunsi, popote iendako nchini. Rowland Hill, Mwingereza aliyependekeza mpango huo, alikuwa amepiga hesabu akakuta kwamba kuisafirisha barua moja kutoka London hadi Edinburgh kunagharimu kipande kidogo mno cha peni. Kilichokula fedha ni mikono na makaratasi ya kumdai mpokeaji. Kwa hiyo akashauri mtumaji alipe mapema kwa stempu, umbali usahauliwe. Alikuwa sahihi, kwa sharti moja: barua ziwe nyingi. Mzigo ukiwa mwingi, umbali hugawanywa hadi hauonekani. Barua zikipungua, umbali hurudi kudai chake. (Umbali wenyewe tunaujua huku. Furushi la barua za David Livingstone lililotiwa tarehe ya Novemba 1, 1870 Unguja lilikwama Kwihara, jirani na Tabora mjini, na likamfikia Ujiji mikononi mwa Stanley mwaka mmoja hivi baadaye.)

Vifurushi si barua nene

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanadhani barua zikipungua na vifurushi vikiongezeka, kimoja kinafidia kingine. Kilo moja ya barua za gramu 20 ni barua 50, yaani stempu 50 kwenye kona ya mfuko. Kifurushi cha kilo moja hulipiwa mara moja, hakikunjiki, na mara nyingi kimejaa hewa. Boksi la sentimita 50 kwa 40 kwa 30 lenye sponji linaweza kuwa na kilo 2 kwenye mizani, lakini limechukua nafasi ya mzigo mzito. Ndiyo maana kampuni nyingi za vifurushi huzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha hugawa kwa 5,000. Boksi hilo linatoka kilo 12, na mteja hulipa kilo 12. Posta inayotoza kwa mizani tu inamsafirishia mteja kilo 10 za hewa bure.

Halafu kuna mzigo wa kutoka nje. Mtu wa Kigoma akiagiza kava la simu kutoka China, malipo ya kutuma hubaki kwa posta ya China. Posta ya nchi unakofika hulipwa na ile ya kwanza kwa viwango vilivyopangwa chini ya Umoja wa Posta Duniani, kwa kuangalia idadi na uzito. Viwango hivyo havijui kama kifurushi kinaishia Kariakoo au kinaendelea zaidi ya kilomita 1,200 hadi Kigoma. Tena fedha hazilipwi papo hapo: hesabu hupelekwa, hulinganishwa, hukubaliwa, ndipo hulipwa, wakati dereva anataka mshahara mwisho wa mwezi huu. Marekani ilichoshwa na mfumo huo kiasi cha kutangaza mwaka 2018 kwamba itajitoa kwenye umoja. Mkutano wa dharura wa Geneva, Septemba 2019, ulikubali nchi zianze kujipangia viwango vyao kwa awamu.

Na kifurushi kinataka mwenyewe apatikane. Barua huingia kwenye S.L.P. na kazi imekwisha, ndiyo maana sanduku ni njia rahisi kuliko zote za kufikisha barua. Shule nzima hutumia sanduku moja, parokia vilevile, na nusu ya mtaa hujisitiri humo. Kifurushi kinachopelekwa mlangoni Ujiji au Kibirizi kinahitaji pikipiki, simu mbili tatu, na mtu wa kukipokea. Asipopatikana, safari inarudiwa. Akiwa hajulikani kabisa, kifurushi hukaa hadi muda wake uishe, kisha hurudishwa kilikotoka: mikono ileile, njia ileile, safari hii bila stempu mpya. Kosa la kawaida ni dogo tu. Jina lililoandikwa kwenye mzigo silo lililo kwenye kitambulisho, au namba ya simu imepungua tarakimu moja. Anwani za makazi zilizowekwa kwa wingi mwaka 2022 kabla ya sensa zimesaidia, na postikodi pia (za Kigoma huanza na 47, za Tabora 45), ila bado watu wengi huandika “karibu na msikiti” wakaishia hapo.

Zamani nani alikuwa analipa?

Swali hili huulizwa mara chache kwenye mijadala ya hasara, na kwa maoni yetu ndilo linaloeleza mengi kuliko yote.

Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, Tanzania ilikuwa na Shirika la Posta na Simu. Chini ya paa moja kulikuwa na barua, telegramu na simu. Simu zina faida, barua za vijijini hazina, hivyo anayepiga simu alikuwa akimlipia anayeandika barua bila kujua. Benki ya Posta ilitengwa kwa sheria ya 1991 (leo ni benki ya biashara, TCB). Kisha, kwa sheria za 1993, simu zikaenda TTCL na kuanzia Januari 1994 Shirika la Posta Tanzania likasimama peke yake. Uingereza ilitenganisha simu na posta mwaka 1981, Kenya mwaka 1999. Sababu za kutenganisha zilikuwa na maana, kwani simu zilihitaji mtaji na ushindani. Lakini mguu wenye nyama uliondoka na mifupa ikabaki na wajibu wote wa kufikisha barua kila kona ya nchi. Kilichosalia cha kutuma fedha kikapata pigo kuanzia 2008, M-Pesa ilipoingia nchini. Nani tena apange foleni kutuma hawala?

Kwenye vifurushi navyo, washindani huchagua. Mabasi yanabeba mizigo kati ya Kigoma, Tabora, Mwanza na Dar es Salaam kwa sababu basi linakwenda hata hivyo. Boksi chini ya buti ni nyongeza juu ya nauli. Unamkabidhi mtu wa ofisi ya basi, unapewa risiti na namba ya gari, ndugu yako anasubiri stendi. Bei nzuri, haraka, hakuna makaratasi. Lakini basi hilo haliendi Kalya, kule kusini mwa ziwa wilayani Uvinza, ambako wengi hutegemea boti. Hakuna sheria inayolilazimisha. Posta ndiyo inayobaki na Kalya, baada ya wengine kumaliza kuchota njia zenye faida.

Dawa zinazopendekezwa, na zinapokwama

Pandisha bei ya stempu. Hufanya kazi mwaka mmoja, kisha wateja wakubwa, benki na mashirika yanayotuma taarifa kwa maelfu, huhamia SMS, na zile barua 600 za kwenye gari letu huwa 300.

Punguza siku. Uingereza tangu Julai 2025 imeruhusu barua za daraja la pili zipelekwe siku moja, siku ya pili ziruke. Hii huokoa mafuta kweli. Denmark imekwenda mbali zaidi: Machi 2025 posta ya huko, PostNord, ilitangaza kuacha kabisa kupeleka barua mwisho wa mwaka huo, baada ya barua kushuka kwa zaidi ya asilimia 90 tangu 2000. Ila Denmark karibu kila mtu hupokea barua za serikali kwenye simu yake. Ukiiga hilo mahali ambapo mtandao unakatika siku mbili, hujafanya mageuzi, umemkatia mtu mawasiliano.

Funga ofisi, weka mawakala dukani. Sweden ilihamishia huduma zake nyingi kwenye maduka ya vyakula na vituo vya mafuta kuanzia 2001. Tunaona hii ndiyo yenye nafuu zaidi kwa miji kama Kibondo au Urambo, kwa kuwa kodi ya pango na mlinzi hugeuka kamisheni inayolipwa kazi ikifanyika tu. Kinachoharibika ni hiki: kamisheni ikiwa ndogo mno, mwenye duka huuweka mzigo wa posta chini ya magunia; msaidizi aliyefundishwa kupima na kuandikisha rejista anaacha kazi; duka linafungwa kwa msiba na barua ya wito wa mahakama imelala ndani. Wakala anahitaji mizani iliyokaguliwa, kabati lenye kufuli, na mtu wa posta wa kupita mara kwa mara. Gharama hizo zikisahauliwa kwenye mpango, akiba ni ya karatasini.

Uza. Argentina ilikabidhi posta yake kwa kampuni binafsi mwaka 1997. Kampuni ikaacha kulipa ada ya serikali mwaka 1999, ikaomba kinga dhidi ya wadai 2001, na serikali ikairudisha mikononi mwake 2003. Royal Mail ya Uingereza iliuzwa kuanzia 2013, na bado mdhibiti ndiye anayeamua ipeleke barua mara ngapi. Mnunuzi naye anakuta Kalya palepale.

Tena si kila hasara inayotangazwa ni hasara ya kazi. Sheria ya Marekani ya 2006 iliilazimisha posta yake kutenga mapema fedha za matibabu ya wastaafu, takriban dola bilioni 5.5 kwa mwaka. Sehemu kubwa ya hasara zilizotikisa vichwa vya habari ilitokana na sharti hilo, lililofutwa Aprili 2022.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua dawa, ipigwe hesabu ya wajibu wenyewe, njia kwa njia. Chukua kituo cha kubuni mwambaoni kinachogharimu shilingi 900,000 kwa mwezi na kuuza huduma za 200,000. Kwa haraka utasema hasara ni 700,000. Subiri. Kikifungwa, 100,000 za boti haziokolewi kwa sababu boti linaendelea kijiji cha mbele, kwa hiyo kinachookolewa ni 800,000. Na vifurushi vya 150,000 vinavyolipiwa Dar es Salaam kwenda kituo hicho havitatumwa tena, kwa hiyo kinachopotea ni 350,000. Gharama halisi ya kukiacha wazi ni 450,000. Namba hiyo ndiyo ya kupeleka mezani na kuulizia mlipaji: Hazina moja kwa moja, kama Ufaransa inavyoifidia La Poste tangu 2021, au mfuko unaochangiwa na kila mwenye leseni ya kubeba vifurushi, mabasi yakiwemo.