Mtoto asiye na jina, na kumbukumbu za kielektroniki wodi ya wazazi

Mtoto akizaliwa hana jina. Kwenye makaratasi ya wodi huandikwa "mtoto wa fulani". Siku wanapojifungua mama wawili wanaoitwa jina moja, au mmoja akajaliwa mapacha, usalama wa vichanga hao hutegemea umakini wa muuguzi mkunga aliye zamu. Kwa hiyo hospitali ikihamia kwenye kompyuta, mimi huangalia kwanza jinsi mfumo unavyomtambua mtoto. Kasi ya kutoa ripoti nitaiangalia baadaye.

Mfumo mzuri humpa mtoto namba yake mara tu anapozaliwa na kuiunganisha na ya mama. Ni wagonjwa wawili, ila mengi ya mtoto yamo kwenye faili la mama. Je, mama ana virusi vya homa ya ini B? Basi chanjo ya mtoto isivuke saa 24. Chupa ilipasuka mapema, mama akapata homa? Mtoto aangaliwe dalili za maambukizi. Kuna pia safari ya kurudi, taarifa ya mtoto ikimfaa mama: mama mwenye kundi la damu la Rh hasi akizaa mtoto wa Rh chanya, kwa kawaida huhitaji sindano ya anti-D, inayozuia mwili wake kujenga kinga dhidi ya damu ya aina hiyo, ndani ya saa 72, na uamuzi huo hutegemea kipimo cha damu ya mtoto. Mtoto akihamishiwa wodi ya vichanga na kadi ya kliniki ikabaki mkobani mwa mama, anayempokea hataona lolote kati ya hayo.

Upande wa dawa, dozi ya kichanga hukokotolewa kwa uzito. Nukta ya desimali ikisogea nafasi moja kulia, dozi huzidi mara kumi. Kompyuta inaweza kukataa dozi kama hiyo, lakini mtoto akipimwa vibaya, nayo itakokotoa vibaya bila kusita.

Penye mvutano ni chumba cha kujifungulia. Mapigo ya moyo ya mtoto husikilizwa kila dakika 30 katika hatua ya kwanza ya uchungu, na kila dakika 5 mama anaposukuma. Patografu (chati ya kufuatilia maendeleo ya uchungu) ya karatasi mara nyingi hujazwa mtoto akiwa ameshazaliwa, na kompyuta hulifichua hilo kwa sababu hutunza saa ya kila ingizo. Baadhi ya wasimamizi hulitumia kuwabana wauguzi. Naona wanakosea. Mkunga mwenye mama watatu atazuia damu kwanza, kuandika baadaye. Mfumo umruhusu kuweka saa ya tukio na saa ya kuandika, kila moja peke yake.

Kinachowachosha wauguzi zaidi ni kujaza mara mbili, kompyuta na rejista. Tarehe ya kuacha karatasi ipangwe mapema, zibaki fomu chache za dharura umeme ukikatika, na ajulikane nani atakayeziingiza baadaye.

Nawe mzazi, una haki ya kuuliza kilichoandikwa na nani anaweza kukisoma. Kila mhudumu atumie nenosiri lake mwenyewe. Siku ya kuruhusiwa, omba muhtasari uliochapishwa: uzito wa mtoto, sindano ya vitamini K (ya kuzuia kutokwa damu), chanjo alizopata, na tarehe za kurudi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mama na mtoto waonwe tena kati ya saa 48 na 72 baada ya kujifungua, kati ya siku ya 7 na ya 14, kisha wiki ya 6.