Umeachiwa watoto wa marehemu: mambo ya kudai kabla kikao cha ukoo hakijafungwa

Tanga likishaanuliwa wazee hukaa, na kabla giza halijaingia watoto wameshapangiwa mlezi. Mara nyingi ni mama mdogo, shangazi, au kaka mkubwa ambaye naye bado anajitafuta. Nani atakataa watoto wa damu yake mbele ya wafiwa? Sisi maafisa ustawi wa jamii hukutana na mlezi huyo miezi kadhaa baadaye, mafao yamekwama au shule inadai cheti cha kuzaliwa, naye hana karatasi hata moja.

Ndiyo maana nasisitiza: usiondoke na watoto tu. Omba muhtasari wa kikao unaotaja kila mtoto kwa jina, mlezi wake, na nani atachangia nini. Ahadi za msibani husahaulika upesi. Chukua pia nakala za cheti cha kifo na vyeti vya kuzaliwa. Visipokuwepo, vinaombwa RITA, wakala wa serikali ya Tanzania unaosajili vizazi na vifo. Kama marehemu alikuwa akichangia mfuko wa hifadhi ya jamii, yaani NSSF au PSSSF, ulizia mafao ya wategemezi mapema.

Jambo linalovunja familia nyingi ni kuchanganya mlezi na msimamizi wa mirathi. Msimamizi huteuliwa na mahakama. Hukusanya mali, hulipa madeni na kugawia warithi, na kama aliteuliwa na Mahakama ya Mwanzo, anatakiwa kuwasilisha taarifa ya mali na madeni ndani ya miezi minne, isipokuwa mahakama imemwongezea muda. Mlezi hana ruhusa ya kuuza kiwanja cha marehemu ili alipe matumizi ya watoto, hata kwa nia njema. Na msimamizi naye hageuki mwenye mali. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumnyima mtoto, yaani yeyote aliye chini ya miaka 18, kunufaika na mali ya mzazi wake. Ndugu wakigombania watoto, wewe unayewatunza unaweza kuomba mahakamani wakae kwako, na afisa ustawi ataandaa taarifa ya uchunguzi wa kijamii.

Sheria hiyo hiyo inampa mtoto haki ya kutoa maoni yake. Waulizeni basi! Kuwagawa ndugu watatu katika nyumba tatu huonekana ni kupunguziana mzigo, lakini kwa mtoto ni kufiwa mara ya pili. Wakae pamoja kila inapowezekana.

Mtoto mdogo asiambiwe mama amesafiri. Atamsubiri, kisha ataacha kukuamini. Mwambie amekufa, hatarudi, na si kosa lako wewe mtoto. Wengi hujilaumu kimoyomoyo. Usishangae akicheza siku ya mazishi na kulia wiki tatu baadaye, au mkubwa wa miaka minane akaanza tena kukojoa kitandani. Asichapwe. Akiacha kula, akajitenga kwa wiki nyingi au kuzungumzia kujidhuru, usingoje: mpeleke kituo cha afya.

Wewe nawe umefiwa, na wanao wa kuzaa wanaona chumba chao kimejaa ghafla. Zungumza nao kabla wivu haujaota mizizi. Ukizidiwa, nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako, au piga 116, simu ya msaada kwa watoto, bila malipo. Nenda hata kama bado hujui cha kuomba.