Bima kubwa hailipi kila kitu

Watu wengi wanaamini ukikata bima kubwa basi gari likipata chochote unalipwa hela yote, na ile ndogo ndo ya kukwepa trafiki tu. Imani hii ni ya siku nyingi na inaeleweka, jina lenyewe "kubwa" linashawishi.

Kiukweli bima ndogo ina kazi yake, inamlipa yule uliyemgonga au uliyemharibia mali, gari lako wewe halimo. Kubwa inaongeza gari lako: ajali, moto, wizi. Ila mule ndani kuna kitu wanaita ekisesi, yaani kile kipande cha hasara unachobeba mwenyewe kabla kampuni haijaanza kulipa, kwa hiyo matengenezo ya milioni 2 na ekisesi ya laki 3 wanakupa milioni 1 na laki 7 basi. Tairi kuisha au injini kuchoka kwa umri hiyo ni juu yako. Na gari uliloandikisha la binafsi halafu ukalitumia kubeba abiria wa kulipa, au dereva hana leseni, hapo madai mara nyingi yanakataliwa (hili ndo linawaumiza wengi aisee).

Kujua yako ikoje, omba mkataba wenyewe maana stika haitoshi, nenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa mambo yasiyolipwa, angalia ekisesi na thamani ya gari iliyoandikwa. Usipoelewa muulize wakala akujibu kwa maandishi, kabla hujalipa.