Safura, istiska na matende si uvimbe mmoja

Watu husema jina safura, ugonjwa wa minyoo inayomaliza damu, limetokana na kufura. Sikio ndilo linalodanganya hapa. Neno ni la Kiarabu, linahusu umanjano na nyongo. Yaani linaanza na rangi, uvimbe unafuata. Minyoo ya safura hung'ang'ania utumbo mwembamba na kunyonya damu. Damu ikipungua na protini yake ikishuka, maji huvuja nje ya mishipa, uso na miguu ikajaa. Kabla ya kufika huko, funua kope la chini la mtoto, tazama na viganja: vimekuwa vyeupe.

Husemwa pia kwamba safura huletwa na kula udongo. Huenda ni kinyume chake: upungufu wa damu ndio unaoleta hamu ya udongo. (Udongo huo una balaa yake, minyoo ya mchango.) Minyoo ya safura huingia hasa kwa kutoboa ngozi ya mguu usio na kiatu, penye ardhi chepechepe ya kivuli iliyochafuliwa na kinyesi. Albendazo, dawa ya minyoo, ya miligramu 400, mara moja, huitoa minyoo mingi lakini hairudishi damu. Bila vidonge vya madini ya chuma kwa miezi kadhaa, viganja hubaki vyeupe, na dawa husingiziwa kuwa bandia.

Istiska hudhaniwa kuwa ugonjwa mmoja. Ni jina la zamani la mwili au tumbo kujaa maji. Ndilo neno la swala ya kuomba mvua. Maana yake ya asili ni kuomba maji. Daktari wa leo haandiki istiska akaishia hapo, atauliza: moyo, ini au figo? Bonyeza muundi kwa kidole gumba, hesabu mpaka kumi, achia. Shimo likibaki, ni maji. Kumnyima mgonjwa maji ya kunywa kwa kukisia tu ni kosa; cha kupunguza kwanza ni chumvi, kwani ndiyo inayoyashika maji mwilini.

Wengine husema matende nayo ni istiska. Hapana. Hayo ni minyoo ya filaria, iletwayo na mbu, kuharibu mishipa ya limfu. Yakishakomaa ngozi huwa ngumu, kidole hakiachi shimo. Baadhi ya mbu hao huzaliana kwenye vyoo vya shimo vyenye maji. Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, vyoo vilimwagiwa chembe za plastiki zinazoelea, mbu wakapungua sana.

Husemwa mjamzito kuvimba ni kawaida. Miguu jioni, sawa. Uso na mikono, pamoja na kichwa kuuma au macho kuona ukungu, aende kupimwa presha siku hiyo hiyo.