Ngeli za nomino si za Wabantu peke yao

Wengi tuliosoma sarufi ya Kiswahili tulitoka darasani tukiamini kwamba ngeli ni alama ya Kibantu, basi. Si kweli. Kaskazini mwa Papua Guinea Mpya, mkoani East Sepik, wako Waarapesh, ambao lugha yao haina undugu wowote na yetu, na wanasarufi huzigawa nomino zake katika ngeli zipatazo 13.

Ila wao wameigeuza juu chini. Sisi tunatazama kichwa cha neno: ki- huwa vi-, m- huwa wa-. Wao wanatazama mkia. Sauti ya mwisho ndiyo inayoamua wingi: nomino nyingi zinazoishia na "ny" hupata "ch" au "sh", kutegemea lahaja. Kisha kivumishi na kitenzi hufuata upatanisho, kama kwetu.

Hata maneno ya kukopa kutoka Tok Pisin, lugha ya mawasiliano ya Papua Guinea Mpya, huweza kuingizwa kwenye ngeli kwa jinsi yanavyoishia. Usicheke: nasi tulilichukua neno la Kiarabu kitabu, tukaiona ki- hapo mwanzo, tukazaa vitabu.